Papa, bada na mizani: shajara ya mradi wetu wa jikoni, Makorora

Naiandika shajara hii ya kupima sumu tunayokula ndani ya vyakula vyetu ili mtu wa Pangani, wa Muheza au wa popote akitaka kufanya kama sisi, asianguke pale tulipoanguka. Tuko kaya kumi na mbili za Makorora, Tanga mjini, wanachama wa kikoba kimoja. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Sayansi Kimu. Mpwa wangu ni fundi sanifu wa maabara. Wataalamu wetu ni hao tu.

Swali lilitoka kwa mwanakikoba mdogo kuliko wote, wakati huo mjamzito wa miezi minne. Humu ndani ataitwa nyumba ya 4. Kliniki walimwambia apunguze samaki wakubwa wanaowinda wenzao, kwa sababu ya zebaki. Siku ya kikao akaniuliza: "Mwalimu, na ng'onda je? Nayo ni samaki mkubwa, ama ikishakauka sumu yake imekwisha?" Ng'onda ni papa aliyetiwa chumvi na kukaushwa. Nilifungua mdomo kumjibu, nikagundua sina jibu. Miaka thelathini nimefundisha lishe na sikuwahi kujiuliza.

27 Januari 2024: mpango na ruhusa

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua kiasi cha chakula alichokula mtu, zidisha kwa kiasi cha sumu kilichomo ndani ya kila gramu, gawanya kwa uzito wa mwili wake. Nchi zinazofanya kazi hii kwa ukubwa hununua vyakula sokoni, huvipika kama watu wanavyovila, huvichanganya, kisha huvipima. Marekani walianza mwaka 1961 kwa hofu ya mabaki ya majaribio ya nyuklia yaliyokuwa yakiangukia mashamba na malisho. Neno la kushika hapo ni kupika. Sumu hupimwa kwenye sahani, si kwenye gunia.

Tumechagua metali mbili zenye sumu, zebaki na risasi. Nywele hatuchukui, damu hatuchukui. Mwenye nia hiyo aanzie kwa kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na asidanganywe kwamba mambo ya mtaani hayahitaji. Sisi tunapima vyungu vyetu wenyewe. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ameambiwa, ameuliza kama kuna posho, ameambiwa hakuna.

Tumenunua mizani mbili za jikoni za betri, shilingi 56,000, na madaftari kumi na mawili, 12,000. Kikoba kimetoa 600,000 kutoka mfuko wa jamii.

10 Februari: dodoso limekufa

Nilitengeneza dodoso la kurasa nne, safi kabisa, la kuuliza "Jana ulikula nini, kiasi gani?" Nakala 60 zilitugharimu 24,000. Zote sasa ni za kufungia vitumbua.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, mimi ni mwalimu. Nusu ya wanawake wa kikoba nimewafundisha, na mtu haendi kumwambia mwalimu wake wa lishe kwamba jana watoto walilala na chai na mkate. Nilisoma majibu nikadhani Makorora nzima inakula mchicha, samaki na tunda kila siku. Nyumba ya 9 wameandika "matunda" siku saba mfululizo, na mimi napita pale kila asubuhi.

La pili ni kipimo. Niliandika "gramu" kwenye karatasi, na hapa hakuna anayenunua samaki kwa gramu. Papa mkavu huuliziwa kwa pesa: kipande cha buku (shilingi elfu), kipande cha buku mbili. Nikajifanya mjanja, nikapima kipande cha buku pale soko la Mgandini, gramu 46, nikakifanya ndicho kipimo chetu. Siku chache baadaye bei ilipanda. Hakuna aliyeanza kununua cha buku na mia tano. Buku ikabaki buku, kipande kikawa gramu 35. Daftari likaendelea kusoma "kipande 1" kama kwamba hakuna kilichotokea.

24 Februari: kwenda jikoni

Tumeacha kuuliza, tunakaa. Kila kaya imekubali siku mbili za kupimiwa wakati wa kupika na kupakua. Mimi huenda asubuhi, mpwa wangu jioni baada ya kazi. Kwa siku ambazo hatupo, mama wa nyumba hupiga picha ya sahani kwa simu na kuweka kiberiti pembeni, kwa sababu kiberiti ni kile kile nyumba zote. Picha isiyo na kiberiti haihesabiwi. Hii imefanya kazi kuliko kitu chochote tulichojaribu, na haina gharama.

Jambo ambalo lisingeonekana kwenye karatasi ni sinia. Mwanzoni nilichukua chungu kizima nikagawa kwa vichwa. Nyumba ya 4 wako sita: papa wote gramu 240, gawa kwa sita, 40 kila mmoja. Siku ya kwanza niliyokaa pale nikaona mgawo wenyewe. Baba mapande mawili. Mjamzito pande moja kubwa, maana mama mkwe ameamuru apewe. Mama mkwe mwenyewe kijipande. Watoto watatu wanachovya bada (ugali wa muhogo) kwenye mchuzi, wakibahatika wanaokota nyuzi za nyama zilizokatikia ndani ya tui. Zebaki ya samaki imeshikana na protini ya nyama, kwenye mchuzi hutoka kidogo sana. Kwa hiyo kugawa kwa vichwa kuliwapa watoto zebaki wasiyoila na kumpunguzia mjamzito ile anayoila. Tumefuta hesabu zote za nyuma za nyumba zinazokula sinia moja, yaani tisa kati ya kumi na mbili.

9 Machi: hesabu ya kwanza, nayo ina kosa

Kupima zebaki maabara hatuna uwezo nako. Inataka mtambo wake na bei yake iko mbali na mfuko wetu. Tumefanya kama wanavyofanya watu wa tathmini wakikosa kipimo: chukulia kwamba samaki amebeba kiasi cha juu kabisa kinachoruhusiwa, uone kama kuna sababu ya kuhofu. Ukiona hata kwa dhana hiyo mlaji yuko salama, funga daftari. Ukiona hayuko salama, hujathibitisha kwamba amedhurika, umejua tu pa kuangalia.

Namba tulizotumia ni za Codex, tume ya viwango vya chakula, na JECFA, kamati ya wataalamu; zote ni za mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO). Codex mwaka 2018 iliweka kikomo cha zebaki ya methili, ile yenye madhara zaidi na ambayo ndiyo karibu yote iliyomo kwenye nyama ya papa, kuwa miligramu 1.6 kwa kilo ya papa. Jodari ni 1.2. JECFA tangu 2003 inasema mtu asizidishe mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili wake kwa wiki. Ndani ya namba hiyo kuna akiba ya usalama ya mara 6.4, na imewekwa hapo kwa ajili ya ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Mwanamke wa kilo 60: mara 1.6, ni mikrogramu 96 kwa wiki. Papa aliyefika kikomoni ana mikrogramu 1.6 kwa kila gramu. 96 gawa kwa 1.6 ni gramu 60.

Nilirudia mara tatu. Gramu 60 za papa kwa wiki nzima. Nikaziweka kwenye mizani: ni pande linaloingia kwenye kiganja, lisilofunika hata vidole.

Wa nyumba ya 4 ana kilo 60 hasa (bahati ya mwandishi, hesabu haina desimali). Pande lake siku ile lilikuwa gramu 70, na alikula papa mara mbili wiki hiyo. Kwa dhana yetu ni mikrogramu 112 kila mlo, 224 kwa wiki, zaidi ya mara mbili ya kiwango. Nikamwambia ale vibua na tasi mpaka nijue zaidi. Samaki asiache, na hili narudia kwa herufi kubwa kwenye daftari lake, kwa sababu wataalamu wa FAO na WHO waliokutana Januari 2010 walikubaliana kwamba mafuta ya samaki yanamfaa huyo huyo mtoto wa tumboni. Abadilishe samaki tu. Tasi hula majani ya bahari na kibua ni mdogo, hawajapata nafasi ya kukusanya zebaki ya wengine. Papa hula waliokula waliokula, na huishi miaka mingi.

Mpwa wangu alisoma hesabu yangu akaguna. "Shangazi, hii gramu 70 ni ya nini? Mbichi, mkavu, ama aliyepikwa?" Nikasema ni ya papa. Akacheka. Kikomo cha Codex kinahesabiwa kwa samaki mbichi au wa barafu. Mimi nilipima pande la papa mkavu aliyelowekwa na kuchemshwa, nikalihesabu kama mbichi. Maji yakitoka, zebaki haitoki. Chumvi haiitoi, jua haliitoi, moto hauitoi. Inabaki pale pale katika nyama iliyopungua, kwa hiyo kila gramu ina zaidi. Jibu la swali la Januari ndilo hilo: ng'onda haikwishi sumu yake, inaibana.

Imebana mara ngapi? Inabidi tukaushe wenyewe.

Mfungo unaanza wiki ijayo. Vipimo vya jikoni tunasimamisha. Futari ya mihogo, magimbi na maharage si chakula chetu cha miezi mingine kumi na moja, na nani atasimama na mizani jikoni kwa watu saa kumi na mbili jioni.

20 Aprili: hasara

Kuanika papa Tanga mwezi wa nne ni ujinga, na nimeufanya nikiwa na miaka 63.

Tulinunua kilo tatu za papa mbichi soko la samaki la Deep Sea, 39,000, tukapasua, tukatia chumvi, tukaanika juu ya kichanja uani. Siku ya kwanza jua. Siku ya pili masika ikakumbuka kazi yake. Tuliingiza ndani, tukatoa, tukaingiza. Siku ya nne kulikuwa na funza, na jirani wa nyuma akatuma mtoto aulize kwa adabu zote kama kuna kitu kimekufa. Tumezika. Chumvi nayo imekwenda.

Nilifikiria kununua tu papa mkavu na kutumia makisio ya vitabuni: samaki mbichi ni maji karibu robo tatu au zaidi, na kadhalika. Mpwa wangu alikataa. Ng'onda ya Tanga inakaushwa kwa kiasi anachopenda mwenyewe, ina chumvi ambayo nayo ina uzito wake, na kitabu hakijui. Tumesubiri.

8 Juni: ng'onda ya pili

Kusi imeingia, upepo mkavu. Kilo mbili safari hii, 28,000, na chumvi 2,000 kwa mara zote mbili. Tulipima nyama tupu kabla ya chumvi, tukapima tena siku ya sita ilipokuwa inagonga kama ubao.

Kwa kila gramu 1,000 za nyama mbichi tulibaki na 380, chumvi ikiwemo. Tukaloweka usiku mmoja, tukamwaga maji, tukachemsha, tukachambua: 560.

Kwa hiyo gramu moja ya papa mkavu ni sawa na 2.6 za mbichi, na gramu moja ya aliyepikwa sahanini ni karibu 1.8. Anayetaka kuiga asichukue namba zangu, akaushe zake. Fundi wa Kigombe anaweza kukausha zaidi au kutia chumvi zaidi, na hesabu yote ikahama.

Lile pande la gramu 70 basi lilikuwa mbichi ya gramu 125. Kwa dhana ya kikomo ni mikrogramu 200 kwa mlo mmoja, 400 kwa wiki. Si mara mbili ya kiwango kama nilivyomwambia, ni mara nne. Na zile gramu 60 za kiganjani zimekuwa 34 sahanini, au 23 za ng'onda kavu. Nusu ya kile kipande cha buku cha Februari.

Narudia: ni dhana ya juu kabisa, papa wetu huenda yuko chini sana ya hapo, na kiwango cha JECFA ni cha maisha, si mstari wa kufa. Kwa mtu mzima asiye na mimba wala matarajio ya mimba, JECFA yenyewe ilisema mwaka 2006 kwamba hata mara mbili ya kiwango haitarajiwi kumdhuru neva zake. Baba wa nyumba ya 4 amelishika hilo kwa mikono miwili na amekuwa akilinukuu.

Mkewe amejifungua tarehe 2. Binti, kilo tatu na robo. Ana hasira kama bibi yake.

20 Julai: chungu kimoja cha wote

Sasa risasi. Hii tumeamua kuipeleka maabara, kwa sababu JECFA mwaka 2010 iliondoa kabisa kiwango chake cha zamani cha risasi, ikaona hakuna kiasi kinachoweza kuitwa salama. Hapo mbinu ya kudhani kikomo haisaidii, maana hakuna cha kulinganisha nacho.

Bei tuliyopewa ni 60,000 kwa sampuli. Chakula cha kaya kumi na mbili kwa bei hiyo ni ndoto, kwa hiyo tukachanganya: kila nyumba ilileta kiasi kilichopimwa cha kitoweo chake, tukapika pamoja kwa mapishi ya kawaida, tukasaga kwa blenda. Sampuli nne za chakula: papa wa nazi, maharage ya nazi, mchicha, dagaa. Ya tano ni maji ya bomba.

Ya sita ndiyo tuliyogombania. Mpwa wangu alitaka sampuli tupu, yaani maji yale yale ya bomba yachemshwe saa nzima kwenye sufuria ile ile, yapite kwenye blenda ile ile, yatiwe chupa ile ile, bila chakula. Nikamwambia sitoi 60,000 ya kikoba kupeleka maji Dar. Akaniambia, "Shangazi, bila hiyo hutajua umepima mboga ama umepima jiko." Tulinuniana siku mbili. Mwishowe mweka hazina, ambaye hakuelewa upande wowote, akasema mtoto amesoma, apewe.

Mengine kwa kifupi: tulipika nyumba ya 2 kwa sababu wana sufuria kubwa la shughuli. Chupa tuliosha kwa maji safi ya maabara (10,000). Boksi, barafu na basi la usiku, 20,000. Umeme ulikatika saa tano mchana, tukasaga maharage kwa mkono kwenye chungu, kisha tukaona si haki kwa sampuli nyingine tukasubiri urudi tukasaga upya.

17 Agosti: maji matupu yana risasi

Majibu yamekuja. Maji ya bomba: haikuonekana. Vyakula vyote vinne: imeonekana. Sampuli tupu: imeonekana, na imepita mikrogramu 10 kwa lita ambazo WHO imeweka kwa maji ya kunywa.

Nilikaa na karatasi ile nikijua 360,000 zimegeuka jambo jingine. Kama ningeshinda ule ugomvi, leo ningekuwa natangaza kwenye kikao kwamba mchicha wa Tanga una risasi, na mama mmoja anayeuza mchicha kwenye kona yetu angekuwa ameshakosa wateja.

Namba za vyakula sizitoi, hapa wala mtaani. Zimechafuka njiani, na hata zingekuwa safi, sampuli nne si Tanga. Namba ikitembea bila mwenyewe hugeuka uvumi, na uvumi wa chakula humuumiza kwanza muuzaji mdogo.

Ni nini kimetoa risasi: sufuria, blenda, au mwiko? Tumetuma tatu nyingine: maji ya sufuria lile, maji ya sufuria la stenlesi, maji yaliyopita blenda tu bila moto. 180,000, na basi bila barafu 10,000. Salio la kikoba limeishia hapa, zilizopungua zimetoka kwangu na kwa mpwa wangu.

28 Septemba: sufuria

Stenlesi safi. Blenda safi. Sufuria la nyumba ya 2, risasi tena.

Nilikwenda kuliangalia kama mtu anayekwenda kutambua maiti. Ni sufuria zito, la alumini iliyosubuliwa, yaani iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ndani lina vijishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui, chini limepauka. Mama wa nyumba amelirithi kwa mama yake, aliyelinunua kwa fundi anayeyeyusha vyuma chakavu. Alumini ya namna hiyo hutoka kwenye chochote kilichokuja jalalani: injini, rejeta, vipande vya vifaa vya umeme, na risasi huingia humo. Wapimaji wa Kameruni waliwahi kuchemsha siki kwenye sufuria za aina hii wakaiona. Tindikali ndiyo huifukua zaidi, maana yake nyanya, ndimu, ukwaju na embe mbichi. Sisi tulichemsha maji matupu. Mchuzi wa papa wa nyumba ya 2 hutiwa embe mbichi.

Si kila sufuria la alumini ni hivyo. Zile nyembamba za kiwandani ni jambo jingine, na hatujazipima. Nasema sufuria moja, zito, la kusubu.

Kumwambia mwenye sufuria ndiyo ilikuwa kazi. Limepikia harusi zote za mtaa huu, na yeye hulikodisha. Sikumpa karatasi. Nilimweleza taratibu, akasikiliza, akakaa kimya, kisha akauliza: "Kwa hiyo mwalimu, pilau la harusi ya mwanao?" Nikasema ndiyo, na mimi nilikula. Sasa analiwekea mkaa.

Kaya zote tumekagua. Masufuria ya kusubu yalikuwa matano katika nyumba nne. Matatu yameachwa kupikia. Mawili bado yanapika, na siwezi kumlaumu mtu asiye na la badala, nimewaomba tu wasichemshie vitu vya ndimu wala wasilaze mchuzi humo usiku.

12 Oktoba: kitu ambacho si chakula

Nilikwenda nyumba ya 4 kumwona mtoto na kurudisha daftari. Tukawa tunapitia kurasa za Machi, siku baada ya siku, kila kitu kimo, kiberiti kimo kwenye kila picha. Picha moja kuna kitu pembeni ya sahani, karibu na kiberiti, kama kijiti cha chaki ya kahawia.

"Hiki nini?"

"Udongo."

"Udongo wa nini?"

"Wa kula, mwalimu. Si nilikuwa na mimba." Akacheka. "Wa Mgandini, ule wa mia mia. Nilikuwa namaliza vitano kwa siku, na vingine nalala navyo chini ya mto."

"Mbona hukuandika?"

"Uliuliza chakula."

Nilimpima mtoto kwa sababu mizani ilikuwa mkononi, nikarudi nyumbani. Udongo huu, wengine huuita pemba, nimeuona sokoni maisha yangu yote. Utafiti wa wajawazito wa Geita uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta humo metali zenye sumu, aseniki ikiwemo. Geita kuna machimbo, Tanga si Geita, lakini vijiti hivi havina lebo ya vilikochimbwa, na muuzaji niliyemuuliza alisema "vinatoka bara". Mimi nimehangaika miezi tisa na gramu za papa, na mtu alikuwa akila udongo gramu kadhaa kila siku mbele ya kamera yangu.

Nimepita nyumba zote kumi na mbili na swali jipya. Siulizi tena ulikula nini. Nauliza: kuanzia ulipoamka, nini kimeingia mdomoni? Majibu ya siku mbili tu: udongo nyumba tatu (mmoja si mjamzito, amezoea tu), mchele mbichi nyumba mbili, majivu kwa ajili ya kiungulia nyumba moja, tambuu kwa mama mkwe wa nyumba ya 4, na pweza wa jioni barabarani karibu kila mwanaume, ambaye hakuna mke aliyemwandika kwa kuwa hakupikwa nyumbani.

Gharama hadi leo: 741,000. Kikoba 600,000, mifuko yetu 141,000. Ukiiga, dodoso (24,000) na papa wa masika (39,000) huna haja nazo, utaanza ukiwa na faida. Sampuli tupu usiiruke. Kwa mambo rasmi ya usalama wa chakula, tangu 2019 mlango ni TBS, Shirika la Viwango Tanzania.

Vijiti sita vya udongo, kutoka kwa wauzaji watatu, viko kwenye chupa safi kabatini kwangu. Nimeandika kwa kalamu nyekundu VISILIWE, kwa sababu binti yangu anakuja likizo na ana mimba ya pili. Kikoba kinakaa Jumapili kuamua kama kitatoa 180,000 nyingine. Mweka hazina ameshaniuliza kama kutakuwa na sampuli tupu.